Karani wa Hofu

Karatasi ya kwanza yenye tarehe ni ya 8 Machi 1890. Mwandiko ni wa mtu mwenye haraka: herufi zimelala, maneno mengi yamekatwa katikati, na baadhi ya mistari huwezi kuisoma mpaka uirudie mara tatu. Ukiitulizia macho unaona mambo machache. Kuna barua za wanasheria. Kuna kijana aliyetumwa mbali, kwenye kasri la kabaila mmoja mzee. Kuna wasichana wanaomtokea, na mmoja wao anataka kumbusu, ila busu lenyewe halielekei mdomoni, linaelekea kooni. Hapo kabaila anaingia kwa ghadhabu na kudai kwamba kijana huyu ni wake. Basi. Kabaila hana jina bado, wala kitabu hakina.

Mwenye mwandiko huo ni Bram Stoker, na kazi aliyoianza siku zile ilimchukua miaka saba. Ilitoka London tarehe 26 Mei 1897, kitabu chenye jalada la manjano na maandishi mekundu, bei yake shilingi sita. Kinaitwa Dracula. Karatasi alizokuwa akiandikia maandalizi yake, zaidi ya 100, zimesalimika, na mwaka 2008 Robert Eighteen-Bisang na Elizabeth Miller walizichapisha kwa picha, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na maelezo yao. Nimekaa na picha hizo kama mtu anavyokaa barazani kwa seremala akitazama randa inavyokwenda na maranda yanavyoanguka. Nilidhani nitamkuta mtu aliyepagawa. Niliyemkuta ni karani anayeijua kazi yake.

Ukarani huo hakuuokota njiani. Alizaliwa mwaka 1847 Clontarf, kando ya Dublin, akawa mtoto mgonjwa aliyelala kitandani hadi umri wa miaka saba hivi. Mama yake, Charlotte, alikulia Sligo, na akiwa msichana aliuona mji ule ukifyekwa na kipindupindu mwaka 1832. Alimsimulia mwanawe. Baadaye mwana alipokuwa mtu mzima alimwomba mama ayaandike yote, naye akayaandika: nyumba zilizofungwa, watu waliozikwa kabla roho hazijatoka, na askari mmoja mrefu ambaye mwili wake haukuenea kwenye jeneza, wakataka kumvunja miguu kwa nyundo, na pigo la nyundo likamzindua. Angalia mwana alivyofanya. Hadithi alikuwa nayo masikioni tangu utotoni, lakini aliona haitoshi kukaa masikioni, akataka iwe kwenye karatasi.

Kisha akaajiriwa serikalini, Dublin Castle, akapanda hadi kuwa mkaguzi wa mahakama ndogo. Kitabu chake cha mwaka 1879 ni mwongozo wa kazi za makarani wa mahakama hizo nchini Ireland, kitabu cha fomu, madaftari, ada na faini. Kilipotoka alikuwa amekwishahamia London, kwani mwishoni mwa 1878 mwigizaji Henry Irving alimchukua awe msimamizi wa jumba lake la maonyesho, Lyceum. Alikaa hapo miaka 27. Alihesabu fedha za milangoni, akapanga safari za ng'ambo za kundi zima pamoja na mandhari na mavazi yake, na akaandika kwa niaba ya Irving barua ambazo mwenyewe alizikadiria kuwa karibu nusu milioni. Mtu wa namna hiyo hana asubuhi za kuandikia. Dracula iliandikwa katika likizo, hotelini, na katikati ya shughuli nyingine. Karatasi zenyewe zinatoa ushahidi: baadhi zina nembo ya Lyceum, nyingine nembo ya hoteli moja ya Philadelphia.

Hatua mojawapo ya mwanzo ilikuwa kuweka sheria. Stoker alikaa akaorodhesha mambo ambayo kiumbe wake anaweza na asiyoweza. Nyumbani kwake hakuna vioo, maana hana taswira ya kuonekana kiooni. Hali wala hanywi. Anaona gizani. Havuki kizingiti mpaka aongozwe au abebwe. Maji hayavuki ovyo, hungoja saa ya maji kujaa au kutulia. Muziki haumgusi. Mchoraji hawezi kumpata sura. Kila akijaribu, picha inatoka ya mtu mwingine. Akipigwa picha kwa kamera anatoka mweusi tii, au mifupa.

Haya mawili ya mwisho hayamo kitabuni. Aliyafikiria vizuri, akayaandika kwa wino, halafu akayaacha. Kwenye orodha hii ndipo heshima yangu kwake ilipoanzia. Kiumbe anayeweza kila kitu humchosha msomaji upesi, maana hakuna la kufanya isipokuwa kukimbia. Lakini ukiambiwa huyu hawezi kuingia mpaka akaribishwe, basi mlango wa chumba chako unabadilika. Dirisha linabadilika. Unaanza kujiuliza ni nani nyumbani anayeweza kumkaribisha. Mipaka ndiyo inayompa msomaji kazi ya kufanya, na msomaji aliyepewa kazi hawezi kusinzia.

Baada ya sheria, watu. Orodha za wahusika zimejaa kufutwa. Kulikuwa na mpelelezi wa polisi. Kulikuwa na mtafiti wa mambo ya mizimu, profesa wa Kijerumani, mchoraji, na Mmarekani mvumbuzi wa mitambo kutoka Texas. Mmoja mmoja waliondolewa au waliunganishwa, mpaka mpelelezi, mtafiti na profesa wakawa mtu mmoja, daktari mzee wa Kiholanzi, Abraham Van Helsing. Stoker alimpa jina lake mwenyewe, kwani Bram ni ufupisho wa Abraham. Kulikuwa pia na karamu. Nyumbani kwa daktari wa wagonjwa wa akili wangekaa wageni 13, kila mmoja akipewa namba na kutakiwa asimulie jambo la ajabu kwa zamu, hadithi ikiendelea pale mwenzake alipoiachia. Na wa mwisho akimaliza, kabaila angeingia. Nilipoisoma nilisikitika kwamba hatukuiona karamu hiyo. Nadhani alifanya vyema kuiondoa. Ingekuwa onyesho la jukwaani, na maonyesho ya jukwaani alikuwa ameyashiba kila usiku.

Alipanga pia umbo la kitabu: sehemu nne, kila sehemu sura saba. Mpango ulivunjika njiani, kitabu kikatoka na sura 27. Kwa aliyeanza akikusudia 28, hiyo ni nidhamu ya kutosha.

Kisha akaenda Whitby.

Whitby ni mji wa wavuvi kaskazini mashariki mwa Uingereza, wenye bandari kwenye mdomo wa mto, magofu ya abasia juu ya jabali, na kanisa lenye makaburi yanayotazama bahari. Stoker alifikia huko na mkewe na mtoto wao katika kiangazi cha 1890. Wengine walikwenda kupunga upepo. Yeye alipanda ngazi 199 hadi makaburini akiwa na kalamu, akanakili mawe: jina, umri, tarehe, namna marehemu alivyokufa. Wengi walikuwa mabaharia. Jina la Swales alilipata kwenye jiwe mojawapo, na kitabuni akalivalisha mzee msimulizi anayekaa juu ya makaburi hayo hayo akieleza kwamba nusu ya mawe yanasema uongo, kwa kuwa wenyewe walizama na miili haikupatikana. Alizungumza na wavuvi wazee. Alikusanya maneno ya lahaja ya Whitby, akayapanga na maana zake, ili mzee Swales asizungumze kama mtu wa London.

Kwa mlinzi wa pwani alipata kubwa zaidi. Mlinzi alimweleza habari za vyombo vilivyopwelewa pale katika dhoruba, na kimojawapo kilikuwa merikebu ya Kirusi, Dmitry, kutoka Narva, iliyotupwa ufukweni Oktoba 1885 ikiwa na farumi ya mchanga mweupe. Stoker aliandika aina ya chombo, matanga yaliyokuwa juu, upepo ulikotoka. Katika riwaya merikebu ni Demeter, imetoka Varna, farumi yake ni mchanga mweupe, na shehena yake ni masanduku ya udongo. Narva, Varna: herufi ni zile zile, zimehamishwa tu. Nahodha ameingia bandarini akiwa maiti, mikono imefungwa kwenye usukani, na kinachotueleza yaliyotokea ni batli ya chombo aliyoandika siku kwa siku, mabaharia wakipungua mmoja baada ya mwingine. Sijasoma kurasa nyingi zinazonitia baridi kama hizo chache za batli, na zote zimesimama juu ya maelezo ya mlinzi wa pwani aliyekuwa akizungumzia kazi yake.

Mji huo ndio pia uliompa jina. Katika maktaba ya Whitby aliazima kitabu cha William Wilkinson, kilichochapwa mwaka 1820, kuhusu nchi za Wallachia na Moldavia. Hata namba ya kitabu rafuni aliiandika. Ndani yake kuna habari fupi za watawala walioitwa Dracula, na tanbihi inayosema kwamba kwa lugha ya Wallachia neno hilo lina maana ya shetani. Stoker akanakili tanbihi hiyo. Ukirudi kwenye orodha ya wahusika utaona kilichotokea: mahali pa kabaila palikuwa pameandikwa Wampyr, jina la mtu ambalo maana yake ni mnyonya damu, jina linalomaliza kila kitu kabla mlango haujafunguliwa. Amelikata kwa mstari, na juu yake ameandika Dracula. Kwenye ukurasa uo huo ameliandika tena na tena, pembeni na juu, kama mtu anayeonja kitu ulimini.

Watu wengi huamini kwamba Stoker alimchunguza Vlad, yule mtawala wa Wallachia aliyewatundika maadui zake kwenye vigingi, akamgeuza kuwa mnyonya damu. Katika karatasi zote hizi jina la Vlad halimo, wala vigingi vyake. Alilopata ni jina, tanbihi, na mistari michache ya vita na Waturuki. Mengine aliyaumba.

Kusoma kuliendelea kwa miaka. Alikuwa amejiunga na Maktaba ya London mwaka 1890, na mwaka 2018 maktaba hiyo ilitangaza kuwa vitabu vyake 26 vina alama za msalaba na mistari pembeni ambazo zinaoana na karatasi za Stoker. Sipendi mtu achore kitabu cha maktaba, ila kwa alama hizi tunaona jicho lake lilipotua. Kwa Emily Gerard, aliyeishi Transylvania na mumewe mwanajeshi na kuchapisha makala kuhusu imani za huko mwaka 1885, alitwaa neno nosferatu, kitunguu saumu, na miali ya bluu inayowaka usiku wa kuamkia Sikukuu ya Mtakatifu George mahali palipofukiwa hazina. Kwa wasafiri wengine alitwaa barabara, mavazi ya wakulima, vyakula vyenye pilipili, jinsi magari ya farasi yanavyofungwa. Mwanzo kabaila alikuwa awe mtu wa Styria, jimbo la Austria. Baada ya kusoma haya akamhamishia Transylvania. Yeye mwenyewe Transylvania hakukanyaga maisha yake yote.

Ndipo ikaja hatua ninayoistaajabia kuliko zote. Stoker alichukua karatasi, akaandika siku za juma na tarehe zake, mwezi baada ya mwezi, akaanza kujaza: siku hii fulani yuko Munich, siku hii anapanda treni, siku hii barua inafika, siku hii merikebu inang'oa nanga. Siku na tarehe zake zinalingana na kalenda ya 1893. Mwaka huo hautajwi popote katika masimulizi, na hakuna msomaji wa kawaida ambaye angegundua endapo Jumatano ingeangukia tarehe ya Alhamisi. Aliupanga kwa ajili yake mwenyewe, ili wahusika wake wakiwa sehemu tatu kwa wakati mmoja, asimpoteze hata mmoja.

Ndiyo maana riwaya inayosifiwa kwa kutisha inaanza na treni iliyochelewa. Jonathan Harker, wakili kijana, anaandika katika shajara yake kwamba ameondoka Munich saa 2 na dakika 35 usiku, na kwamba treni imefika Vienna saa nzima nyuma ya wakati. Anaandika alichokula, na kwamba anataka kumpelekea mchumba wake namna ya kukipika. Hakuna wingu jeusi wala bundi. Anaandika vile vile jinsi mtu mwangalifu anavyoandika akiwa safarini kikazi, na kwa kuwa tumemwamini kwenye ratiba na kwenye kuku mwenye pilipili, tutamwamini pia siku chache baadaye atakapomwona mwenyeji wake akitambaa ukutani mwa kasri kichwa kikiwa chini, kama mjusi.

Sisi wa pwani hii jambo hilo tunalifahamu kwa kulelewa nalo. Bibi akisema kulikuwa na jini mahali fulani zamani za kale, mtoto anaendelea kula. Akisema jini yuko kwenye mbuyu ule ulio nyuma ya kisima, unaopita ukienda chuoni, mtoto anaacha tonge mkononi. Uvumi wa mumiani uliotanda Nairobi, Kampala na Dar es Salaam enzi za ukoloni, ambao mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu mwaka 2000, ulijengwa vivyo hivyo. Wanyonya damu wa uvumi ule hawakutoka kuzimu. Walikuwa wazimamoto, wenye sare, magari mekundu na kituo kinachojulikana kiliko. Kilichowafanya watu wapishane njia na gari la zimamoto ni kwamba gari lenyewe lilikuwepo, na rangi yake kila mtu aliiona.

Stoker aliijenga riwaya nzima kwa vitu vinavyoweza kushikwa. Hakuna msimulizi wa juu anayejua yote. Kuna shajara ya Harker, iliyoandikwa kwa hati mkato. Kuna barua za wasichana wawili, telegramu, vipande vya magazeti, batli ya merikebu, na shajara ya Dakta Seward anayoisema kwenye fonografu, sauti ikichorwa juu ya silinda za nta. Katikati yao ameketi Mina, mchumba na kisha mke wa Harker, na taipureta yake. Anakusanya hati zote, anazitaipu kwa mfuatano wa tarehe, na anatoa nakala zaidi ya moja. Usiku mmoja kabaila anaingia chumbani, anatupa motoni mswada na silinda za nta. Anadhani amefuta kila kitu. Lakini nakala nyingine imo ndani ya sefu. Ni karani aliyeandika tukio hilo, na aliliandika kwa moyo wake wote.

Hesabu ya masanduku nayo ni ya karani. Kabaila anahitaji udongo wa kwao ili alale, hivyo anasafirisha masanduku 50 kwenda Uingereza. Wanaomsaka hawamfuati kwa ramli. Wanafuata ankara na stakabadhi, wanawanunulia pombe wapagazi ili wakumbuke nyumba walizopeleka mizigo. Masanduku 29 wanayakuta kwenye nyumba ya kwanza, Carfax. Sita yako Mile End, sita Bermondsey, tisa Piccadilly. Jumlisha: 50 kamili. Wakishayaharibu wanaona wana 49. Sanduku moja halipo. Nimejaribu kueleza kwa nini namba ile inabana kifua kuliko damu yoyote iliyomwagika kabla yake, na jibu langu ni kwamba tumehesabu pamoja nao, sanduku kwa sanduku, kwa hiyo lile lililopungua limetupotea sisi pia.

Palipohitaji ujuzi asiokuwa nao, aliuliza. Katika riwaya mgonjwa wa akili, Renfield, anavunjwa fuvu, na madaktari wanalitoboa ili kupunguza shinikizo la damu juu ya ubongo. Kaka yake Stoker, William Thornley Stoker, alikuwa daktari wa upasuaji maarufu Dublin. Karatasi yake imo kati ya hizi: maelezo ya jeraha la namna hiyo, dalili zake kwa mfuatano, upande gani wa mwili unaopooza, na mchoro. Ukiisoma kisha ukaisoma sura husika, unaona dalili zinafuatana vile vile. Na mwanzoni mwa 1896, akiwa Marekani na kundi la Irving, alikata habari katika gazeti la New York iliyosimulia jinsi watu wa New England walivyofukua maiti za ndugu zao kwa hofu ya wanyonya damu. Kipande hicho alikibandika pamoja na mengine. Alikuwa katika mwaka wa sita wa kazi, na bado masikio yalikuwa wazi.

Sehemu kubwa ya kuandika kwenyewe ilifanyika Cruden Bay, kijiji cha wavuvi mashariki mwa Scotland, alikokuwa akienda likizo miaka ya katikati ya 1890. Kuna ufuko mrefu wa mchanga, miamba, na juu ya jabali kasri la Slains linalopigwa na upepo wa bahari. Mkewe Florence alisimulia baadaye kwamba Bram alikuwa akikaa juu ya miamba kwa saa nyingi kama popo mkubwa, au akizunguka peke yake kwenye vilima vya mchanga akiifikiria hadithi. Habari iliyopendwa zaidi ni kwamba Dracula ilitokana na ndoto mbaya baada ya kula kaa wengi usiku. Mimi naiweka kando. Hata kama ndoto ilikuwepo, ilichukua usiku mmoja, na kitabu kilichukua miaka saba. Ninayemheshimu ni yule mtu juu ya mwamba, aliyekwisha kujua tarehe za treni, majina ya wafu wa Whitby na uzito wa farumi, na bado anakaa, anangoja sentensi.

Mswada wa taipureta ulipokamilika, kazi ya mkasi ikaanza. Kurasa zilikatwa na kubandikwa upya kwa gundi, namba zikafutwa na kuandikwa nyingine. Mwanzo wa safari uliokuwa Munich ulipunguzwa. Mwishoni, kabaila akishakufa, mswada ulikuwa na tukio kubwa: kasri lenyewe linapasuka na kumezwa na ardhi kwa kishindo cha volkano, mlima mzima ukitetemeka. Mtu aliyeishi na mitambo ya jukwaa, na mioshi, na radi za mabati, lazima alilipenda tukio hilo. Alilikata. Katika kitabu kilichochapwa kasri linabaki limesimama, dhidi ya anga jekundu la jioni, na mtu mmoja amekufa thelujini. Ninapotaka kumwonyesha mwandishi mchanga maana ya kujizuia, humwonyesha pengo hilo.

Jina pia lilichelewa. Mswada uliitwa The Un-Dead, yaani wale ambao hawajafa kifo chao, na ulikaribia mashine za kupiga chapa ukiwa bado na jina hilo. Tarehe 18 Mei 1897, siku nane kabla ya kitabu kutoka, waigizaji wa Lyceum waliisoma hadithi nzima jukwaani asubuhi, zaidi ya saa nne, ili kulinda haki ya maonyesho kisheria. Maandishi ya mchezo huo yaliyopelekwa serikalini yapo hadi leo. Stoker hakuyaandika upya yote. Alikata prufu za riwaya, akazibandika, na kuunganisha vipande kwa mkono wake. Hata hapo, mwishoni kabisa, alikuwa na mkasi na gundi.

Kitabu hakikumtajirisha. Aliendelea na kazi ya Irving hadi Irving alipofariki mwaka 1905, akaandika vitabu vingine, akafa London tarehe 20 Aprili 1912. Mwaka uliofuata mjane wake aliuza sehemu ya vitabu na karatasi zake katika mnada wa Sotheby's. Karatasi za Dracula zilikuwa fungu moja: orodha za wahusika, makaburi ya Whitby, maelezo ya mlinzi wa pwani, kalenda, mchoro wa fuvu, na ule ukurasa wenye Wampyr iliyokatwa kwa mstari. Leo ziko Philadelphia, katika makumbusho ya Rosenbach. Siku ile ya mnada, Julai 1913, fungu zima lilikwenda kwa pauni mbili na shilingi mbili.